SIMU YA KOKWIJUKA NA KAHAWA YA KUTAFUNA ILIYOTOKA KIMULI

UMOJA WA FAMILIA YA MAREHEMU MZEE KASHAIJA

Kumbukumbu za kikao cha dharura kilichofanyika Jumapili, tarehe 1 Desemba 2024, sebuleni kwa Mwenyekiti, Ihanda, Karagwe. Kikao kilipangwa kuanza mara baada ya misa ya pili. Kilianza saa nane na nusu mchana kwa sababu wajumbe walikula kwanza.

WALIOHUDHURIA
1. Bw. Elpidius Kashaija – Mwenyekiti (baba mzazi wa Katibu)
2. Bi. Adelgunda Kashaija – Mjumbe (dada mkubwa wa Mwenyekiti, mjane, shangazi wa Katibu)
3. Bw. Novatus Kashaija – Mjumbe (mdogo wao, anafanya kazi Kayanga, baba mdogo wa Katibu)
4. Bi. Joyness Elpidius – Mjumbe (mama mzazi wa Katibu)
5. Kokwijuka Elpidius, kidato cha tatu – Katibu, na pia mtuhumiwa

WASIOHUDHURIA
1. Kijana Nestory wa Kimuli, Kyerwa – hakualikwa, ingawa alizungumzwa muda wote

KUMB. NA. 1/12/2024: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala, akamwombea kila aliyekuwepo kwa jina. Alipofika kwa Katibu aliongeza neno "hasa".

Mjumbe Novatus alihoji kama ni halali mtuhumiwa kuandika kumbukumbu za shauri lake mwenyewe. Alisema ofisini kwao jambo kama hilo haliwezekani. Mwenyekiti alimuuliza kama yuko tayari kuandika yeye. Mjumbe Novatus alisema amesahau miwani. Mjumbe Joyness alisema hata akiwa na miwani, kumbukumbu alizoandika za matanga ya Mzee hazijasomeka hadi leo. Hoja ilifungwa.

Ilikubaliwa kwamba Katibu aandike kila kitu kama kilivyosemwa, na asiseme lolote mpaka aulizwe, kama katiba ya familia inavyotaka. Katibu anakiri kwamba sharti hilo halikumsumbua. Hata kwenye timu ya mdahalo ya shule, kazi yake ni kutunza muda.

Iingie pia kwenye kumbukumbu kwamba wajumbe walizungumza Kinyambo zaidi, na Mjumbe Novatus alichanganya Kiingereza kila alipokasirika. Katibu ametafsiri yote kwa Kiswahili, na anaomba radhi pale ambapo maneno yamepoa njiani.

KUMB. NA. 2/12/2024: CHANZO CHA SHAURI

Mwenyekiti alieleza kwamba mwezi wa tisa Katibu aliporudi kutoka kwenye mdahalo wa shule mbalimbali uliofanyika Kayanga, iliingia meseji kwenye simu yake kutoka namba isiyojulikana, ambayo baadaye ilibainika ni ya Nestory, aliyekutana naye kwenye mdahalo huo. Aliisoma tena mbele ya kikao: "Mambo Koku. Mlifika salama? Zile notisi za umeme unazo?" Alisema hakuona sababu ya mvulana wa Kimuli kumuuliza binti yake habari za umeme wakati nyumba hii inatumia sola.

Kwa kuwa kwa mila za hapa baba hakai na binti yake kuzungumza habari za wavulana, na kazi hiyo ni ya shangazi, simu ilichukuliwa siku hiyo hiyo pamoja na namba yake ya siri. Ilikabidhiwa kwa Mjumbe Adelgunda, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya migomba, aitunze na afuatilie kitakachoingia. Mjumbe Adelgunda aliifungia kwenye sanduku na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Tangu hapo Katibu hajaiona.

Mwenyekiti alisema familia ililala usingizi ikijua ulinzi upo, mpaka Alhamisi iliyopita, bodaboda aliposimama uani na kusema ana mzigo wa mwenye simu ya Koku, kutoka Kimuli.

Mzigo uliwekwa mezani kama kielelezo. Ni kifurushi kilichofungwa kwa magome makavu ya mgomba, na ndani yake mna kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ya harufu kisha ikakaushwa, ambayo mgeni wa heshima huwekewa kiganjani kabla hajaulizwa kilichomleta. Mwenyekiti aliinusa, akasema imetengenezwa na mtu anayejua kazi. Kisha akaagiza maneno hayo yasiandikwe. Katibu alikuwa ameshaandika.

Mjumbe Novatus alisema mvulana akituma kahawa kwenye mji wa watu, hiyo si zawadi tena, ni posa.

KUMB. NA. 3/12/2024: KUSOMWA KWA MESEJI

Mwenyekiti alimwomba Mjumbe Adelgunda atoe simu. Mjumbe Adelgunda alisema chaji imekwisha. Mwenyekiti alisema itachajiwa hapa. Mjumbe Adelgunda alisema anadhani waya umepotea. Mjumbe Joyness aliuona waya ukining'inia kwenye pochi ya wifi yake, akauchomoa na kuuchomeka.

Simu ilipowaka ilionekana kwamba, licha ya sanduku na ufunguo, meseji zilikuwa zimetoka na kuingia kati ya namba ya Katibu na namba ya Nestory tangu mwezi wa tisa hadi juzi. Mjumbe Novatus alisema sasa kila mtu amejionea: mtoto anaiba ufunguo. Miwani yake ilipatikana mfukoni, akaanza kusoma. Katibu ameziandika baadhi kama zilivyo.

Kutoka simu ya Katibu: "Habari za huko. Mmeamkaje. Wazee hawajambo? Mvua imefika? Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu isipokuwa mbuzi mmoja anachechemea. Nimeona uliuliza habari za umeme. Kwani nyumbani kwenu mnapikia nini?"

Kutoka Kimuli: "Tumeamka salama tunamshukuru Mungu. Mvua imefika ila ya mawe. Tunapikia kuni. Pole sana kwa mbuzi, mtazame katikati ya kwato."

Kutoka simu ya Katibu: "Asante nimetazama kulikuwa na mwiba. Poleni kwa mvua ya mawe. Je migomba imesimama?"

Kutoka Kimuli: "Imesimama ila ya bondeni ina mnyauko. Nang'oa kidogo kidogo maana nahurumia. Jioni nyumba hii ni kimya sana."

Kutoka simu ya Katibu: "Mnyauko hauhurumiwi. Ng'oa yote. Hata hapa jioni ni kimya."

Mjumbe Novatus alivua miwani. Alisema amehudhuria semina ya malezi ya siku mbili na anaijua lugha hii. Vijana hawaandiki tena wazi, wanaandika kwa mafumbo. Alifafanua kwamba mbuzi si mbuzi, bondeni si bondeni, na kuhusu "kimya" aliomba Katibu atoke nje kwanza. Mwenyekiti alisema Katibu akitoka hakuna wa kuandika. Kwa hiyo ufafanuzi wa "kimya" haumo humu.

Mwenyekiti alisema anachojua yeye ni kwamba dada yake ana mbuzi anayechechemea kweli. Mjumbe Novatus alijibu, "Kaka, hapo ndipo wanapotufunga macho."

Wakati huo Mjumbe Adelgunda aliomba ruhusa akawaangalie mbuzi. Alikubaliwa. Mbuzi walikuwa wamefungwa nyuma ya jiko tangu asubuhi na wanaonekana dirishani.

Mjumbe Joyness aliuliza swali moja: mtoto alipitaje kwenye pindo la kanga ya wifi? Mjumbe Novatus alisema watoto wa siku hizi wanajua mengi. Mjumbe Joyness alisema huyu wa kwake, hata kuku wa jirani akiingia jikoni, humwacha mpaka atoke mwenyewe kwa kuona aibu kumfukuza. Mwenyekiti aliwataka wajumbe wasitoke nje ya mada.

KUMB. NA. 4/12/2024: HOJA YA KUMHAMISHA KATIBU SHULE

Mjumbe Novatus alitoa hoja kwamba Katibu aondolewe shule ya kutwa ya Kituntu, na Januari apelekwe shule ya bweni mkoa mwingine, yenye ukuta, ambako simu haziruhusiwi na wazazi hutembelea mara moja kwa muhula. Alisema ameshazungumza na mtu huko. Pia alipendekeza ujumbe wa familia uende Kimuli Jumamosi kuwakanya wazazi wa kijana. Alisema gari ameshalipata.

Mwenyekiti alisema inamuuma, lakini mlango ukishavunjwa mara moja mwenye nyumba hahesabu makufuli, anahama.

Katibu anaomba ieleweke hoja hii ilikuwa na uzito gani kwake. Mwakani ni kidato cha nne. Kituntu kuna mwalimu wa Fizikia anayerudia jambo hadi mtu wa nyuma aelewe bila kunyoosha mkono, na Katibu ndiye huyo mtu wa nyuma. Kwingine ataanza upya kwa watu asiowajua, na kwa watu asiowajua Katibu hachukui mwezi kusema jina lake, huchukua zaidi.

Ilikuwa inatosha aseme neno moja. Rafiki yake Mahoro, ambaye ni binamu ya Nestory na anasoma Kituntu, alimwambia tangu mwezi wa kumi kwamba Nestory naye alinyang'anywa simu wiki ile ile ya mdahalo, na baba yake mkubwa anayemlea ndiye anayekaa nayo. Kwa hiyo Katibu aliposikia habari za mwiba na kwato zikisomwa, alijua zimeandikwa na nani pande zote mbili. Mkono wake uliendelea kuandika. Shangazi alikuwa amesharudi, ameketi karibu na mlango, anakunja na kukunjua pindo la kanga. Katibu aliona kwamba akisema, ataokoka yeye, na Shangazi atachekwa mbele ya wadogo zake. Asiposema, ataenda kwenye ukuta. Aliinama, akapigia mstari kichwa cha habari.

KUMB. NA. 5/12/2024: KUSOMA YALIYOANDIKWA KABLA YA KURA

Marehemu Mzee Kashaija aliacha kanuni kwamba familia isipige kura mpaka yaliyosemwa yasomwe kwa sauti, ili kila mtu asikie alivyokuwa akisema. Mjumbe Novatus aliomba kanuni itenguliwe ili kuokoa muda. Mwenyekiti alikataa.

Katibu alisimama akasoma. Aliambiwa apaze sauti. Alisoma kuhusu sala, miwani na waya, na wajumbe hawakufurahi lakini hawakupinga. Alipofika kwenye meseji, zilisomwa safari hii bila sauti ya ofisini ya Mjumbe Novatus: habari za huko, mmeamkaje, wazee hawajambo, mvua imefika.

Mjumbe Joyness alianza kucheka kwa pua. Mwenyekiti alimwomba ajizuie. Mjumbe Joyness alisema, "Baba Koku, huyu mtoto akitaka vocha ananiandikia 'ma vp', basi. Mimi niliyemzaa hajawahi kuniuliza mvua."

Mwenyekiti aliomba Katibu arudie ile ya kwanza, na Katibu alirudia. Mwenyekiti alisema polepole kwamba maneno hayo anayajua. Anaamshwa nayo kila siku kutoka ng'ambo ya migomba, kwa mpangilio huo huo, wazee kwanza, mvua baadaye, mbuzi mwishoni. Hakumtazama dada yake. Alitazama kahawa.

Mjumbe Novatus aliuliza kinachoendelea.

Mjumbe Adelgunda alisema, "Andika, Koku. Andika ni mimi."

Katibu aliandika.

Mjumbe Adelgunda alieleza kwamba alitumwa kufuatilia, na mtu hawezi kufuatilia kwa kukaa kimya. Aliona amtege kijana kwa kujifanya Koku, ili aseme nia yake. Lakini hakuweza kumtega mtu ambaye hajamsalimia. Alipomsalimia akajibiwa vizuri, na mtu akikujibu vizuri huwezi kumkatisha. Alisema tangu mume wake afariki, watu humuuliza kama amekula. Hakuna aliyemuuliza mbuzi anaendeleaje.

Alipoulizwa kwa nini hakusema leo, wakati mtoto akipelekwa mkoa mwingine kwa ajili yake, Mjumbe Adelgunda alisema alikuwa anajiandaa. Alisema pia kwamba ana aibu, na kwamba aibu ya utu uzima ni nzito kuliko ya mtoto, kwa sababu mtoto mwenye aibu hutumwa dukani ikamwishia njiani, na mtu mzima hana wa kumtuma.

Mwenyekiti alimuuliza Katibu kama alijua. Katibu alijibu ndiyo. Aliulizwa kwa nini hakusema. Katibu alijibu kwamba katiba inasema asiseme mpaka aulizwe. Mwenyekiti alisema sasa ameulizwa. Katibu aliongeza, kwa sauti ambayo Mjumbe Novatus hakuisikia na ikabidi irudiwe, kwamba hakutaka Shangazi achekwe. Ndipo alipoeleza aliyoyasikia kwa Mahoro, kwamba simu ya Nestory iko kwa baba yake mkubwa, Mzee Polikarpi, mgane.

Mjumbe Novatus aliuliza, "Kwa hiyo kijana hajaandika hata moja?" Katibu alijibu kwamba aliandika moja, ile ya notisi za umeme, ambao ni sura ya kitabu cha Fizikia. Haijajibiwa hadi leo.

KUMB. NA. 6/12/2024: MAWASILIANO NA KIMULI

Mwenyekiti aliagiza namba ipigwe kwa sauti kubwa, kila mjumbe asikie, ili familia ya Kimuli ikanywe papo hapo. Ilipokelewa na mtu mzima. Salamu zilichukua muda, kwa sababu Mzee Polikarpi aliuliza habari za Ihanda, za misa, za bei ya kahawa na za marehemu Mzee Kashaija, ambaye kumbe aliwahi kumwona mnadani. Mwenyekiti alijibu yote. Alipomaliza alikuwa amesahau kukanya, akauliza kuhusu mnyauko.

Mjumbe Novatus alimkumbusha kwa kukohoa. Mwenyekiti alimuuliza Mzee Polikarpi kama anajua amekuwa akiandikiana na nani. Mzee Polikarpi alisema alianza kwa kufikiri amekamata binti mhuni, lakini alipoulizwa kama mvua imefika alijua ni mtu mzima mwenzake, maana mtoto wa leo ukimtajia mvua anafikiri unamtuma akaanue nguo. Aliulizwa kwa nini basi hakujitaja. Alisema naye hakuulizwa jina, na aliona vibaya kukatisha mazungumzo mazuri kwa kujitambulisha. Ndiyo maana alituma kahawa. Alijua mtu mzima akiiona ataelewa.

Mjumbe Adelgunda, bila kuomba ruhusa ya Mwenyekiti, alisogea kwenye simu akasema, "Niliielewa. Mvulana angetuma picha yake."

Mzee Polikarpi aliuliza mbuzi anaendeleaje. Mjumbe Adelgunda alisema anatembea. Kuanzia hapo sauti kubwa ilizimwa na Mjumbe Adelgunda akatoka na simu nje. Kikao kilimsubiri. Safari hii hakuna aliyesema ameenda kuangalia mbuzi.

KUMB. NA. 7/12/2024: MAAZIMIO

(a) Hoja ya kumhamisha Katibu shule iliondolewa na mtoa hoja, ambaye alisema hakuwa ameiweka rasmi. Katibu ataendelea Kituntu. Kura haikupigwa.

(b) Ujumbe wa kwenda Kimuli Jumamosi utaenda kama ulivyopangwa, ila utaenda kusalimia. Mjumbe Novatus alisema semina iligusia pia malezi ya wazee, hivyo anafaa kuongoza msafara.

(c) Simu itaendelea kukaa kwa Mjumbe Adelgunda, kwa sababu ufuatiliaji ulioanza vizuri haufai kukatizwa ghafla.

(d) Ili familia isije ikashtukizwa tena, meseji zinazokwenda Kimuli zitasomwa kwanza na mtu mmoja mwenye busara na mwandiko mzuri. Wajumbe wote walimtazama Katibu. Mjumbe Joyness alisema kwa mila shangazi ndiye humchunga binti, na hajasikia popote binti akimchunga shangazi. Mwenyekiti alisema na yeye hajasikia, lakini hana mwingine.

Katibu alianza kazi hapo hapo kwa kushauri mbuzi aondolewe kwenye meseji ya jioni. Mjumbe Adelgunda alikataa. Mbuzi amebaki.

KUMB. NA. 8/12/2024: MENGINEYO

Katibu aliulizwa kama ana neno. Aliuliza simu yake itarudi lini, na kama anaweza kumjibu mwenzake kuhusu notisi za umeme, ingawa mtihani wa muhula umeshapita. Mwenyekiti alisema swali ni zuri. Baada ya kushauriana na mkewe alisema Katibu aandike notisi hizo kwenye karatasi, wazi, bila bahasha, na ujumbe wa Jumamosi utazibeba. Mjumbe Novatus aliomba azipitie kwanza. Mjumbe Joyness alimuuliza kama Fizikia nayo ilikuwemo kwenye semina.

Mjumbe Novatus aliomba pia kielelezo kihifadhiwe mahali salama, endapo shauri litafunguliwa upya. Mjumbe Adelgunda alikuwa ameshakifungua. Kahawa ilipitishwa kwa Mwenyekiti, kwa Mjumbe Joyness, na kwa Mjumbe Novatus, aliyechukua mara mbili. Ilipofika kwa Katibu, Shangazi alimwekea punje mbili kiganjani na kumfunga vidole juu yake. Katibu si mgeni wala mtu mzima, na kwa desturi hakustahili. Hakuna mjumbe aliyepinga.

Simu ilitetemeka kwenye pindo la kanga. Mwenyekiti aliamua kwamba hiyo si ajenda.

KUFUNGA

Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa uvumilivu, akamwombea kila mmoja kwa jina. Alipofika kwa dada yake aliongeza neno "hasa". Kikao kilifungwa saa kumi na moja na robo jioni, kielelezo kikiwa kimekwisha.

Zimesomwa kwa sauti mbele ya wajumbe wote na kukubaliwa kuwa ndivyo ilivyosemwa, isipokuwa Mjumbe Novatus, aliyedai hakukohoa.

.................................
Elpidius Kashaija
MWENYEKITI

.................................
Kokwijuka Elpidius
KATIBU